Kaburi Dogo Dirishani: Msiba wa Mume na Mke Katika Shairi la Robert Frost

Mwanamke amesimama juu ya ngazi za nyumba yake, karibu na dirisha dogo, akitazama nje kwa hofu. Mumewe yuko chini ya ngazi. Amemwona kabla ya yeye kuonekana. Anamwuliza ni kitu gani hicho anachokitazama kila mara kutoka pale juu, naye mke hamjibu, bali anajikunja kama mtu aliyefumaniwa. Mume apanda ngazi, asimama karibu naye, atazama kwa kitambo bila kuona neno. Kisha aona. Huko nje, kwenye mteremko wa kilima, kuna makaburi ya ukoo wake, machache na madogo hata dirisha hilo moja layaingiza yote. Mawe ya zamani amekwisha kuyazoea, ndiyo maana hakuyaona. Lakini pembeni kuna tuta la udongo lisilo na jiwe. Hilo ni kaburi la mtoto wao wa kwanza.

Hivyo ndivyo lianzavyo shairi la Mmarekani Robert Frost liitwalo "Home Burial", maana yake maziko ya nyumbani. Lilitolewa mwaka 1914 katika kitabu chake cha pili, *North of Boston*, kilichopigwa chapa London. Ni shairi la zaidi ya mistari 100, na karibu lote ni maneno ya watu wawili wakijibizana. Msomaji aliyezoea vina vya kati na vya mwisho hatavipata humo. Kila mstari una mizani kama kumi hivi, basi, na maneno ni yale yale ambayo mkulima na mkewe wangeyasema jikoni. Pengine kwa sababu hiyo wako watu waliolisoma mara ya kwanza wakadhani si shairi. Wakilisoma mara ya pili hunyamaza.

Frost alizaliwa San Francisco mwaka 1874. Baba yake alifariki mwaka 1885, mama akawachukua watoto mpaka Lawrence, katika jimbo la Massachusetts, na huko katika shule ya sekondari kijana huyo alikutana na Elinor White. Mwaka 1892 wote wawili walimaliza masomo wakiwa wa kwanza kwa pamoja katika darasa lao. Walioana Desemba mwaka 1895. Mtoto wao wa kwanza, mwanamume, alizaliwa Septemba mwaka 1896, akaitwa Elliott.

Elliott alifariki tarehe 8 Julai 1900, akiwa na umri wa miaka mitatu na miezi tisa. Aliuawa na ugonjwa wa kuhara na kutapika ambao siku zile uliua watoto wengi wa Marekani wakati wa joto, kwa maziwa yaliyochacha na maji machafu. Wanaoandika maisha ya Frost husema kwamba baba huyo alijilaumu sana kwa kuchelewa kumpata daktari aliyefaa, na kwamba Elinor aliangukia katika ukimya mzito. Mwaka huo huo, Novemba, mama yake Frost naye alifariki. Baina ya misiba hiyo miwili, katika Oktoba, Frost na Elinor na binti yao mdogo Lesley walihamia shamba moja huko Derry, New Hampshire, lililonunuliwa na babu yake Frost. Walikaa hapo miaka mingi wakifuga kuku na kuzaa watoto wengine. Mtoto wa mwisho, msichana, alizaliwa Juni mwaka 1907, akafa baada ya siku chache tu.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwa ajili ya akina mama na akina baba wenye watoto wadogo. Mtoto anayehara hufa hasa kwa kukaukiwa maji na chumvi mwilini. Jambo hilo madaktari wa mwaka 1900 hawakuwa na njia nyepesi ya kulitibu. Dawa ya maji ya sukari na chumvi ya kunywa ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kipindupindu huko Dhaka katika miaka ya 1960, na mwaka 1971 iliokoa maisha ya maelfu katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh. Pakiti za dawa hiyo hupatikana zahanati. Zikikosekana, maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi humsaidia mtoto wakati anapopelekwa kwa mganga. Mtoto wa Frost hakuipata bahati hiyo.

Lakini mtu asidhani kwamba shairi hili ni habari ya Elliott iliyotiwa mizani. Frost mwenyewe hakuwa mkulima aliyerithi makaburi ya ukoo mbele ya dirisha. Husemwa pia kwamba alikuwa amewaona kwa macho yake dada wa Elinor na mumewe walivyofarakana baada ya kufiwa na mtoto. Mshairi alichukua huku na huku. Alichokijua kwa hakika ni ile hali ya watu wawili wanaolala chini ya dari moja, wamefiwa na mtoto mmoja, na kila mmoja amebaki na msiba wake peke yake.

Turudi ngazini. Mara tu mume anapoanza kuyataja makaburi, mke, ambaye jina lake ni Amy, anamkataza asiendelee. Anapita chini ya mkono wake, ateremka ngazi mbiombio, aanza kutafuta kofia yake ili atoke. Sasa wamebadilishana mahali: aliyekuwa juu yuko chini, karibu na mlango, na aliyekuwa chini yuko juu. Mume anauliza kama ni haramu kwa mwanamume kumtaja mtoto wake mwenyewe aliyekufa. Anamwomba mkewe asiupeleke msiba huo kwa watu wengine tena, ampe naye nafasi humo. Anakaa juu ya ngazi, kidevu mikononi, kusudi asimtishe. Anakiri kwamba kila anachokisema humwudhi mkewe, na kwamba hajui aseme vipi.

Mpaka hapo msomaji yuko upande wake. Ndipo anapoharibu. Anasema kwamba anaona mkewe amezidisha kidogo. Kwamba msiba wa mama kwa mtoto wa kwanza ni jambo zito, lakini yeye amelilia mno na kwa muda mrefu mno. Kila mtu aliyepata kukaa nyumbani mwenye msiba ayajua maneno kama hayo. Husemwa kwa nia njema. Ni maneno yanayowekea machozi kipimo, na aliyefiwa huyasikia kama dharau.

Naye Amy alipuka. Yanayofuata ndiyo moyo wa shairi. Katika mashamba ya New England ya siku zile mtu aliweza kumzika mtoto wake katika ardhi ya nyumbani, na kama hakuwapo mchimba kaburi, baba alichimba mwenyewe. Mume huyu alichimba. Amy alikuwa katika dirisha lile lile akimtazama: jembe linapanda na kushuka, changarawe zinaruka hewani na kuporomoka kando ya shimo, na yule mtu anafanya kazi kwa mikono myepesi kama anayechimba shimo lolote lile. Alijiuliza mtu yule ni nani. Alishuka ngazi akapanda tena, akashuka akapanda, na kila aliporudi dirishani jembe lilikuwa bado linakwenda. Kisha mume aliingia. Amy alisikia sauti yake nzito jikoni, akasogea amwone. Alikuwa ameketi, viatu vyake vina udongo mbichi wa kaburi la mwanawe, na alikuwa anazungumza mambo ya kila siku. Jembe lenyewe alikuwa ameliegemeza ukutani pale mlangoni, mahali pake pa siku zote.

Na alizungumza nini? Habari za ua wa miti. Alisema jinsi ukungu wa siku chache na mvua ya siku moja vinavyoweza kuuozesha ua mzuri uliojengwa na mtu kwa jasho lake. Amy ameyashika maneno hayo neno kwa neno, anamrudishia usoni. Yalihusiana nini na kile kilicholala katika chumba kilichofungwa mapazia? Kwake huo ni ushahidi kwamba mtu huyu hakuwa na huzuni hata kidogo.

Mtu akilisoma shairi hili kwa haraka atamwunga mkono. Lakini yafaa kuyatazama tena maneno ya ua. Mkulima amejenga kitu kwa mikono yake, akakitarajia kidumu, nacho kimeoza kwa siku tatu nne kwa jambo asiloweza kulizuia. Je, huyo hazungumzii mtoto? Pengine ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo. Hakujua kulia mbele ya watu, wala hakufundishwa maneno ya msiba. Alijua miti, mvua na kuoza. Hata kuchimba kwenyewe, ambako mkewe alikuona kama ukatili, huenda kulikuwa tendo lake la mwisho la ubaba. Hakutaka mgeni amchimbie mwanawe. Wala shairi halimpi nafasi ya kujieleza hivyo. Anaposhitakiwa anasema tu kwamba amelaaniwa, na kwamba angecheka kicheko kibaya kuliko vyote alivyopata kucheka. Huyo si mtu asiyeumia.

Askari aliyepata kumzika mwenziwe asubuhi, na jioni akakaa akisafisha bunduki na kuzungumza habari za posho na viatu, atamwelewa mume huyu upesi. Na mke wa askari huyo, aliyekaa nyumbani akingoja neno moja tu la huzuni kutoka kwa mumewe aliyerudi likizo, atamwelewa Amy upesi zaidi. Frost hakumhukumu yeyote. Aliwaweka wote wawili ngazini, akamwachia kila mmoja kusema kama ajuavyo.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki msiba hauachiwi watu wawili. Majirani huja, mikeka hutandikwa, wanawake hukaa na mama, wanaume hukaa na baba nje, na kaburi huchimbwa na vijana wa mtaa. Baba hasemeshwi habari za kushika jembe. Msomaji aweza kudhani kwamba taabu yote ya Amy na mumewe ni upweke wa shamba la baridi lisilokuwa na matanga. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Amy mwenyewe ana jibu kali kwa jambo hilo. Anasema kwamba tangu mtu augue ugonjwa wa kufa yuko peke yake, na afapo yuko peke yake zaidi. Rafiki hujifanya wanamfuata hata kaburini, na kumbe kabla hajafukiwa nia zao zimekwisha kugeuka kurudi kwa walio hai na mambo wanayoyajua. Kwake dunia yenye desturi hiyo ni dunia mbaya, naye hataki kuomboleza hivyo. Nyumba iliyojaa waombolezaji isingemridhisha. Angewahesabu mmoja mmoja wanapoanza kuzungumza bei ya vitu.

Hapo ndipo panapoonekana tofauti ya Frost na washairi wengine waliofiwa na watoto. Mwingereza Ben Jonson alimlilia mwanawe wa kwanza aliyekufa kwa tauni mwaka 1603, akiwa na miaka saba. Katika shairi lile fupi ni baba tu anayesema. Mjerumani Friedrich Rückert alipoteza watoto wawili kwa homa katika majira ya baridi ya mwaka 1833 na 1834, akaandika mashairi zaidi ya 400 juu yao, ambayo yalipigwa chapa mwaka 1872 yeye akiwa amekwisha kufa. Ni bahari ya machozi, na sauti ni moja. Mjapani Kobayashi Issa alikaribia zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1819 alieleza jinsi binti yake mchanga Sato alivyokufa kwa ndui, na jinsi mama alivyoung'ang'ania mwili wake, wakati baba akijaribu kujiambia kwamba maji yaliyokwisha kupita hayarudi, asiweze. Lakini hata kwa Issa, mke analia na mume ndiye mwenye kalamu. Frost, mwanamume, alimpa mwanamke nusu ya maneno, na pengine nusu iliyo bora. Kitabu chote alikitunuku kwa Elinor, kwa herufi za mwanzo za jina lake.

Wataalamu wa mashairi wamelichambua shairi hili kwa urefu. Mmarekani Randall Jarrell alilifafanua mstari kwa mstari mwaka 1962. Mrusi Joseph Brodsky, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1987, aliliandikia makala ndefu iitwayo "On Grief and Reason", ambayo mwaka 1995 ilikipa jina kitabu chake kizima. Yeye alizitazama sana zile ngazi: nani yuko juu, nani yuko chini, nani amemkaribia mwenziwe na nani amekimbia. Na kweli mtu akilisoma akiwa na ngazi hizo machoni ataona kwamba wawili hao hawakusimama pamoja hata mara moja ila kwa dakika ile waliyolitazama kaburi. Mtoto aliyewatenganisha ndiye pekee aliyewakutanisha dirishani.

Iko hoja nyingine isiyotajwa sana. Mwandishi asiye hodari angewapatanisha. Angemfanya mume alie, mke amwone akilia, mlango ufungwe na chai itengenezwe. Frost alijua ndoa zaidi ya hapo. Amy anapomaliza kusema yote yaliyomjaa moyoni, mume anafarijika. Anadhani mambo yamekwisha: amelia, amesema, sasa ataona nafuu, afunge mlango, kwani kuna mtu anakuja barabarani na aibu itaonekana. Hili ndilo kosa lake la mwisho, na ni kosa la watu wengi walio wema. Kwake maneno yakitoka msiba umetoka. Amy anamwambia kwamba amekosea kudhani kuzungumza ndiyo yote. Anaufungua mlango zaidi. Mume, aliyeanza kwa upole wote ule na kukaa chini asimtishe, sasa anauliza aenda wapi, na kusema kwamba atamfuata, na kwamba atamrudisha kwa nguvu.

Shairi laishia hapo, mlango ukiwa wazi. Msomaji haambiwi kama alitoka.

Frost aliishi miaka mingi baada ya kuliandika, akawa mshairi mashuhuri kuliko wote nchini mwake. Alipata Tuzo ya Pulitzer mara nne, na Januari mwaka 1961 alisoma shairi mbele ya Rais John Kennedy siku ya kuapishwa kwake. Watu wengi walimwona mzee mpole wa mashambani, mwenye theluji na miti yake. Mhakiki Lionel Trilling alipomwita mshairi wa kutisha, katika karamu ya kutimiza kwake miaka 85 mwaka 1959, baadhi ya watu walikasirika. Yaelekea hawakuwa wamesoma habari ya Amy siku za karibuni. Frost alizunguka kutoka mji hadi mji akiwasomea watu mashairi yake, lakini hili, yasimuliwa, hakulisoma hadharani. Alisema lina huzuni mno.

Na huzuni haikumwacha. Binti yake Marjorie alifariki mwaka 1934 baada ya kujifungua. Mwanawe Carol alijiua mwaka 1940. Kati ya watoto sita, wawili tu walibaki hai hata siku alipokufa yeye, Januari mwaka 1963. Elinor alifariki Machi mwaka 1938, huko Florida, kwa ugonjwa wa moyo, wakiwa wameishi katika ndoa zaidi ya miaka 42. Walioandika maisha ya Frost husimulia kwamba katika siku zake za mwisho mumewe hakuruhusiwa kuingia chumbani, madaktari wakihofia moyo wake. Frost alikuwa akitembea nje ya chumba, akisubiri mlango ufunguliwe aitwe, angalau kwa dakika moja. Elinor alifariki kabla hajamwita.

Alikuwa ametaka majivu yake yatawanywe katika shamba la Derry, walikohamia mwaka ule aliokufa Elliott. Frost alikwenda kulitazama shamba, akaliona limebadilika, akarudi na majivu. Miaka mitatu baadaye yalizikwa Old Bennington, katika jimbo la Vermont, mahali ambapo Frost mwenyewe naye alikuja kuzikwa.